Mshika Ngazi wa Barabara ya Magongo

Mmezidi kunisumbua. Kila mkija ni "Bibi, tuandikie habari za Sidi, Bibi, wewe ndiye uliyebaki unayemjua," kana kwamba mkono wangu huu ni wa karani. Mimi darasa nililokaa lilikuwa la kujua herufi na kuimba, basi. Kila neno mnalosoma hapa nimelichomoa kama mtu achomoaye mwiba mguuni. Tena nyinyi wenyewe mnawasha taa kwa kidole, hamnyanyuki hata kitini, halafu mwataka kujua taa za zamani ziliwashwaje. Haya. Nitaandika mara moja, sirudii, na nikimaliza kuna jambo nitalidai. Msije mkasema hamkuambiwa.

Sidi alikuwa Mgiriama, naye alipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Bi Barke, pale Magongo, kando ya barabara itokayo stesheni ya Changamwe. Mumewe, Ruwa, alichukuliwa vitani akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, na huko huko akafia. Mtoto hawakujaliwa. Kule kwao Kaloleni wakwe zake walitaka arithiwe na mdogo wa marehemu, naye akawaambia kwamba yeye si jembe, la kuachiwa ndugu anayefuata. Akafunga leso zake mbili, akachukua karai lake, akaja Changamwe kukaanga mihogo.

Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, na mkavu wa maneno. Ukimsalimu aliitikia vizuri. Ukimuuliza la pili alikutazama kana kwamba umemwomba akuazime nguo aliyoivaa. Alasiri wanaume wa reli na wa matangi ya mafuta walipokuwa wakirudi makwao, walisimama mbele ya karai lake, wakala wima, wakanyonya vidole, wakaenda zao. Hapakuwa na aliyekaa. Sidi angeweza kuamka, kumenya mihogo yake, kuwasha makumbi ya nazi, kukaanga, kuuza mpaka akamaliza, kisha akafunga mlango, na siku nzima kinywani mwake hakikutoka ila "pilipili?" na "ndimu?"

Mwenyewe alisema alipenda hivyo. Labda. Mtu husema mengi.

Wakati wa vita barabara ile ilikuwa giza, maana taa zilikatazwa kwa ajili ya ndege za adui. Vita vilipokwisha, taa zikarudishwa. Msidhani ni taa za umeme. Umeme ulikuwa wa stesheni na wa nyumba za wakubwa. Zetu zilikuwa kandili za mafuta ya taa, na kila kandili ilitundikwa kwenye mkono wa chuma uliopigiliwa juu ya nguzo ya mkoko. Nguzo moja ilisimama hasa mbele ya karai la Sidi. Na kwa kuwa kandili haikai na mafuta zaidi ya usiku mmoja, kila alasiri sharti ile ya jana iteremshwe, na nyingine iliyojazwa, iliyokatwa utambi na kupanguswa kioo, ipandishwe mahali pake na kuwashwa.

Mwenye kazi hiyo alikuwa Mrabai mmoja, Mkristo, jina lake Gershom. Watu wa Magongo walimwita Bwana Taa. Alikuwa mwembamba, mke wake amekufa, na kaptula aliyopewa na ofisi ilikuwa pana hata ungedhani amevaa magunia mawili. Alisukuma mkokoteni wenye sanduku la mchanga, kandili zimepangwa ndani ya mchanga zisigongane, na ngazi imelazwa juu. Mwanzo walikuwa wawili. Ngumbao alishika ngazi chini, Gershom alipanda. Kisha Ngumbao akapata kazi bandarini akamwacha, na ofisini wakasema watamtafuta mwingine. Wakawa wanamtafuta. Gershom akawa anapanda peke yake, ngazi ameizuia kwa mawe mawili, mkono mmoja umeshika kipago, kile kijiti cha kukanyagia ngazini, na mwingine umeshika kandili iliyojaa mafuta.

Sasa, pale mbele ya karai la Sidi ardhi ilikuwa ya mchanga. Alasiri moja ya kaskazi, Gershom yuko juu, jiwe moja likazama. Ngazi ikaanza kuteleza, polepole, kama mtu anayesinzia. Gershom akadaka ule mkono wa chuma, akaning'inia, na ile kandili bado ameikumbatia kama mwana.

"Jamani!" akasema. Hakupiga kelele. Alisema tu, kama mtu anayeona mvua imemharibia nguo.

Sidi aliliacha karai na mafuta yake yakichemka. Akaikamata ngazi, akairudisha, akatia bega lake kwenye kipago cha chini, akaikaza nguzoni kwa uzito wote wa mwili wake.

"Tia mguu," akasema.

"Upo?" Gershom akauliza, maana hakuweza kutazama chini.

"Nipo. Tia mguu."

Akatia mguu. Akaitundika taa yake, akateremka. Mihogo ilikuwa imeungua yote. Wateja walicheka. Gershom akachukua kipande kilichoungua kuliko vyote, akakila mpaka kikaisha, akasema, "Dada, huu ndio muhogo mtamu niliopata kula tangu nizaliwe." Akausukuma mkokoteni wake, akaenda.

Kesho yake alipofika, hakutafuta mawe. Alisimama kando ya nguzo akakohoa. Sidi akalivuta karai likae kando ya moto, akajifuta mikono kwa leso, akaenda kushika ngazi. Hawakuwekeana miadi. Ikawa desturi.

Kazi ya kushika ngazi ina sheria yake. Mshika ngazi hatazami juu. Kwanza, mafuta hudondoka, na vipande vya utambi, na vumbi la kioo, na jicho halina akiba. Pili, ile kaptula niliyowaambia. Kwa hiyo Sidi alisimama ameelekeza uso barabarani, bega kwenye kipago, na mtu aliyekuwa juu yake hakumwona. Alimjua kwa nyayo zake zilipopanda kando ya uso wake, zenye ukurutu kisiginoni, na kwa sauti. Na kwa kuwa mpandaji naye hawezi kutazama chini akiwa na taa mkononi, kila alipobadilisha mkono aliuliza:

"Upo?"

Na yeye akajibu, "Nipo."

Tafadhali lisomeni vizuri neno hilo. Tangu Ruwa aondoke, hakuna mtu duniani aliyekuwa amemuuliza Sidi kama yupo.

Yule Gershom alikuwa na maneno. Ngumbao alizoea kumwambia anyamaze, Sidi hakumwambia. Basi akiwa juu alisimulia alichokiona, kama mtu aliyepanda kumtazamia mwenzake.

"Naona paa la stesheni. Naona mtu amelala kivulini, kofia usoni, ni yule bwana mkubwa wa reli anayesema sisi wavivu. Upo?"

"Nipo."

"Naona mbuzi. Dada Sidi, yule mbuzi mweupe wa Bi Barke si ndiye yule, yumo kwenye mtama wa watu? Bi Barke! Bi Barkeee! Mbuzi wako yuwala mashitaka huku!"

Bi Barke akatoka mbio na mwiko mkononi, buibui halijakaa sawa, akapita pale anamlaani mbuzi. Aliporudi amemkokota kwa sikio alisimama mbele ya Sidi, akamtazama juu mpaka chini. Bi Barke alikuwa mwanamke wa Mvita hasa, ulimi wake una ncha.

"Wewe Sidi, siku hizi wauza mihogo au wauza bega?"

"Nashika ngazi, Bi Barke."

"Naona. Wallahi naona, mato ninayo. Na huyo aliye juu akikuposa?"

"Hajasema kuposa. Kasema mbuzi wako yuko kwenye mtama."

Ngazi ikatikisika. Ni Gershom, anacheka huko juu.

Hata wateja hawakuwacha kumtania. Kulikuwa na Katana, mtia makaa wa reli, kijana wa domo. Akamwambia, "Mama mihogo, nami nikipanda mnazi utanishikia chini?" Sidi hakuinua hata uso. Akamwambia, "Panda tu. Nitashika shoka." Watu wakacheka siku mbili, na Katana jina likamkaa, akaitwa Shoka mpaka anahama.

Mwaona? Mwanamke aliyekuwa hasemi ila "pilipili" na "ndimu" amekwisha kuwa na majibu.

Siku moja, bila ya kuulizwa, Sidi mwenyewe akauliza. Alisema akiwa ameelekea barabarani, kama aiulizaye barabara.

"Bwana Taa. Kutoka huko juu, maji yaonekana?"

"Yaonekana. Kipande, upande wa Kipevu."

"Ndiyo hayo hayo yaendayo Bama?"

Kandili ikasikika inagonga chuma, ting.

"Ndiyo hayo," Gershom akasema. "Yametulia leo. Upo?"

"Nipo," akasema Sidi.

Walikwenda hivyo kaskazi yote, na upepo ukageuka kusi. Kusi ndiyo iliyoharibu. Gershom alikuwa ameinua mkono aitundike taa, upepo ukaja wa ghafla, kandili ikamtoka. Haikumpiga Sidi kichwani, Mungu alimwepusha. Ilipiga kipago, ikapasuka, kioo kikamkata bega na sikio, na mafuta yakamwagika yakamlowesha leso yote. Na karai lake liko hatua chache, makumbi yanawaka.

"Usisogee!" Gershom akapiga kelele. Siku hiyo alipiga kelele. "Usisogee kwenye moto! Sidi! Simama hapo hapo!"

Akateremka hata sijui kama alikanyaga vipago. Akaumwagia moto mchanga wa lile sanduku lake, akauzima. Kisha akamketisha Sidi kwenye mkokoteni, akawa anamtoa vipande vya kioo begani, kimoja kimoja. Sidi alikuwa akitazama mbele.

"Ungeungua," akasema Gershom.

"Sikuungua."

"Ungeungua mbele ya macho yangu. Kwa taa yangu."

"Nimesema sikuungua. Kesho uje na taa nyingine."

Alikuja na taa nyingine, lakini hakusimulia kitu. Alipanda, akatundika, akateremka. "Upo?" aliuliza kwa sauti ndogo, kama anayeogopa jibu. Sidi alidhani ni aibu tu, itapita.

Haikuwa aibu. Mtu yule alikuwa anafikiri. Siku za mapumziko alikuwa akishuka Kipevu kukaa na mzee Mwinyihaji, fundi wa kamba na matanga, akitazama namna tanga zito linavyopandishwa na mtu aliyesimama chini. Wanatumia kapi, kigurudumu cha mbao chenye mfereji wa kupitisha kamba. Gershom akaomba makapi yaliyochakaa, akayasugua, akayatia mafuta. Alimweleza mkubwa wake ofisini, naye akamwambia ajaribu kwenye nguzo moja kwanza.

Akachagua nguzo ya mbele ya karai la Sidi.

Alipanda mara ya mwisho, Sidi ameshika ngazi, akalifunga kapi kwenye ule mkono wa chuma, akapitisha kamba ya usumba, ncha zote mbili zikafika chini. Akateremka. Akaifunga kandili kwenye ncha moja, akaivuta ncha ya pili, na taa ikapanda yenyewe, nyororo, mpaka juu, ikakaa. Akaizungusha kamba kwenye kigingi alichokipigilia nguzoni, usawa wa kifua. Kisha akaifungua, akailegeza, taa ikashuka mpaka mkononi mwake kama ndege aliyefugwa.

Watu waliacha kula wakatazama. Hata Bi Barke alitoka.

"Mnaona?" Gershom alikuwa anacheka kama mtoto siku ya Idi. "Hakuna tena kupanda. Ukipangusa kioo, unapangusa umesimama kwenye ardhi yako. Ikianguka, inaanguka mchangani. Na hakuna tena mtu wa kusimama chini yake." Akamgeukia Sidi. "Dada Sidi, hutasimama tena chini ya taa. Maisha."

Alimtazama, anangoja.

Sidi alikuwa bado ameweka bega kwenye ngazi isiyo na mtu. Akaiachia.

"Hongera, Bwana Taa," akasema. Akarudi kwenye karai lake.

Jamani, alikuwa amempa zawadi. Naye aliipokea kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Kapi lilifaa. Halina ubishi, hata mimi nalisifu, maana tangu siku hiyo hakuna aliyevunjika mguu wala kukatwa na kioo barabara ile. Likatiwa nguzo zote, toka stesheni mpaka mwisho wa Magongo. Na kwa kuwa kazi ilikuwa nyepesi, Gershom akaongezewa nguzo za kuelekea Miritini. Ngazi akaiacha stoo. Alikuja na mkokoteni wake mwepesi, akashusha, akabadilisha, akapandisha, akazungusha kamba kwenye kigingi. "Masalkheri, dada Sidi." "Masalkheri." Na gurudumu linalia linakwenda. Hapo kati muhogo ulikuwa haujageuka rangi karaini.

Sidi akarudia pilipili na ndimu.

Jioni, kabla ya kufunga mlango, alisimama chini ya ile taa. Hakuna aliyemkataza sasa kutazama juu, akatazama. Akaona kapi, kamba, chuma. Bega lake lilikuwa na kovu, na pale penye kovu palikuwa panatafuta kipago.

Babake Sidi alikuwa mjenzi wa nyumba kule Giriama, na kwa kuwa hakupata mwana wa kiume wa kumpa kazi yake, alimfundisha Sidi kufunga fito na makuti. Kuna fundo lao moja, ukilivuta linakaza, na kulifungua sharti ujue ni ncha ipi. Usipoijua, utalipigania mpaka kucha zing'oke. Siku moja mchana, barabara haina watu, Sidi alikwenda pale nguzoni, akaizungusha ile kamba upya kwenye kigingi, akaifunga fundo la babake.

Gershom alipofika akavuta. Akavuta tena. Akainama akalitazama.

"Mkorofi gani kafunga hivi? Dada Sidi, hebu njoo uone vituko!"

Sidi akalivuta karai kando ya moto. Akajifuta mikono. Akaja, akashika ncha moja, akavuta, fundo likaachia lote.

"Aa!" akasema Gershom. "Una mikono ya ajabu wewe. Nani atakuwa kafanya?"

"Watu," akasema Sidi.

Akashinda amesimama pale akizungumza, habari za Rabai, habari za kwaya yao inayogombana, mpaka wateja wakaanza kuita. Kesho yake fundo lilikuwapo tena, na kesho yake. Gershom akazoea kuita kabla hata hajagusa kamba. Bi Barke aliona. Alikuwa na mato, alisema mwenyewe. Alimpita Sidi na ndoo ya maji akanong'ona, "Mwambie kwa kinywa, mwanamke. Neno halikati kinywa."

"Nimwambie nini?"

"Waniuliza mimi? Hilo unalolifunga kwenye kigingi."

Sidi akamenya muhogo.

Kisha mvua za vuli zikashuka. Ilinyesha usiku, ikanyesha asubuhi, ikashinda. Gershom alikuja amejifunika gunia. Akaita, Sidi akaja, akashika ncha, akavuta. Fundo halikuachia. Usumba ukilowa hukaza, naye alilijua hilo tangu utoto, lakini alikuwa amelifunga jua linawaka, na hakulifikiria. Akavuta kwa mikono miwili. Akatia meno. Kamba ilikuwa imekuwa kama mti.

"Ikate," akasema.

"Nikiikata huku, kamba inabaki fupi, haitoshi kuishusha, taa inaanguka kule. Vioo vimekwisha stoo." Gershom akageuka kutazama mkokoteni, na ngazi haikuwamo. Akavua gunia. Akavua viatu.

"Bwana Taa, nguzo imelowa."

"Babu yangu alikuwa mgema."

"Wewe si babu yako!"

Ameshapanda. Alipanda kama minazi inavyopandwa, mikono imekumbatia, nyayo zimebana, na mti wa mkoko ukiwa na maji huteleza kuliko samaki. Sidi akaikumbatia nguzo kwa chini. Haikuwa na faida, nguzo haitikisiki, hakuna alichokuwa anakizuia. Aliikumbatia vivyo hivyo, mvua inamwingia shingoni, na kwa mara ya kwanza akavunja sheria, akatazama juu. Akaziona zile nyayo zinateleza, zinashika, zinateleza.

"Upo?" sauti ikatoka juu, imebanwa.

"Nipo! Nipo hapa, nipo!"

Akaifikia. Akaitoa kandili kwenye kamba, akaifunga kiunoni kwa mshipi, akashuka akijiburura, akafika chini viganja na kifua vimejaa vibanzi, damu na mvua. Akaketi mchangani. Muda mrefu alikuwa anahema tu.

Kisha akatoa kisu, akalikata lile fundo likiwa zima, akaliweka kiganjani akaligeuza. Alikuwa Mrabai, nyumba za kwao nazo ni za makuti.

"Hili si fundo la wahuni," akasema. "Hili la mjenzi."

Sidi akakamua leso yake.

"Dada Sidi. Ulikuwa na haja gani?"

Hapo ndipo. Hapo hapo, kwenye mvua, hakuna mteja, hakuna Bi Barke, mtu ameketi mchangani amemuuliza kwa upole. Angesema neno moja. Angesema, nataka uniulize kama nipo. Lakini shingo yake ilikuwa ile ile aliyotoka nayo Kaloleni.

"Ni mvua iliyokaza," akasema.

Gershom akamtazama. Akalitia fundo mfukoni, akavaa viatu vyake, akausukuma mkokoteni mvuani. Taa ya mbele ya Sidi haikuwaka siku hiyo.

Alirudi mvua zilipopungua, na kamba mpya, na kisanduku cha bati chenye kufuli. Kigingi na ncha ya kamba vikakaa ndani ya kile kisanduku. Nguzo zote zikatiwa visanduku. Hakumwambia mtu kwa nini. Ofisini walidhani ni kwa ajili ya wezi wa kamba, wakamsifu. "Masalkheri, dada Sidi." "Masalkheri." Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ingekuwa afadhali.

Kisha Bi Barke akaleta habari toka sokoni. "Bwana Taa wako ahamishwa. Yuwaenda Kisauni, wamtaka akazitie makapi taa za huko. Kesho ndiyo mwisho wake hapa."

"Si wangu," akasema Sidi.

"Haya. Si wako. Kesho ndiyo mwisho wake."

Kesho yake Sidi alivaa leso mpya. Alasiri ile alikaanga mihogo kama kawaida. Gershom akaja, akafungua kufuli, akashusha taa, akabadilisha, akaipandisha. Alifanya taratibu, alikipangusa kioo ambacho tayari kilikuwa safi. Taa ilipofika juu, alikuwa bado ameishika kamba, uso ameuinua, mgongo kampa Sidi. Nyayo zake mbili ziko mchangani, hapana anachokihofia kuanguka. Na bila ya kugeuka akasema:

"Upo?"

Katana, yule Shoka, alikuwa anakula pale. Bi Barke alikuwa mlangoni. Wote walimsikia. Sidi alikuwa ameshika sahani ya mihogo mibichi. Akaimimina karaini, yote kwa pamoja, na mafuta yakapiga kelele kama mvua kwenye bati.

Gershom alingoja kadiri mtu anavyoweza kungoja mbele ya watu. Akaifunga kamba. Akatia kufuli. Gurudumu likaanza kulia.

Mimi nilihamia nyumba ile baadaye sana, nikakaa na Sidi chumba kwa chumba mpaka alipofariki. Hakuolewa. Wakaja wa taa wengine, kisha nguzo za umeme, nguzo za mkoko zikang'olewa zikawa kuni. Tulikuwa tunamenya mihogo siku aliponiambia haya, nami nikamuuliza, maana mimi huuliza: kwa nini hukumjibu?

"Nilimjibu," akasema Sidi.

"Lini? Si umesema ulimimina mihogo?"

"Mafuta yalipotulia. Nilisema, nipo." Akatupa ganda kando. "Alikuwa ameshafika nguzo ya pili, na lile gurudumu lilikuwa halijatiwa mafuta."

Akachukua muhogo mwingine. Nami nikachukua wangu.

Basi nimemaliza, na vidole vyaniuma. Sasa dai langu. Wewe uliyesoma, siku utakapopita mahali ukamwona fundi yuko juu ya ngazi na chini hakuna mtu, usiniambie una haraka. Weka mzigo wako. Tia bega, shika, na usitazame juu. Akikuuliza kama upo, mjibu papo hapo, kwa sauti ya kusikika, hata kama kuna watu. Kisha uje uniambie kwamba ulimjibu. Uje mwenyewe, usitume mtu.